Kufikia huduma za nyumbani ukiwa mbali: fungua poti moja, si kumi

Rekoda ya kamera iko sebuleni, au kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inatunza picha na mafaili ya familia, na ukiwa ndani kwenye Wi-Fi kila kitu kinafunguka. Ukishatoka getini hakuna kinachopatikana. Watu wengi hukimbilia menyu ya ruta, wanafungua poti (milango yenye namba ambayo huduma za mtandao hupitia) mbili tatu, wanajaribu, inagoma, wanafungua nyingine tano. Mara nyingi tatizo haliko kwenye poti hata kidogo.

Pima kwanza kama una anwani ya umma

Fungua ukurasa wa ruta kwa kivinjari. Anwani yake imeandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa. Za kawaida ni 192.168.1.1, 192.168.0.1, 192.168.8.1 kwa ruta nyingi za laini, na 192.168.100.1 kwa vifaa vingi vya faiba vya Huawei. Tafuta ukurasa wa hali ya mtandao, mahali palipoandikwa "WAN IP" (anwani ya ruta upande wa intaneti), na uinakili ile namba. Kisha, kwa kompyuta iliyo ndani ya nyumba hiyohiyo na VPN (njia ya siri inayopitisha trafiki yako kwenye mashine nyingine) ikiwa imezimwa, fungua ifconfig.me uone namba ambayo dunia inaiona.

Namba hizo mbili zikilingana, una anwani ya umma na unaweza kuendelea. Zikitofautiana, itazame ile ya WAN:

- Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, kampuni yako ya intaneti imekuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja. Mfumo huu huitwa CGNAT, na safu hiyo ya namba ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo.
- Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, mara nyingi ni hali ileile. Kwenye laini za simu ndiyo kawaida.
- Ikianza na 192.168, kuna kifaa kingine mbele ya ruta yako, kwa kawaida kile alichofunga fundi wa kampuni.

Chanzo chake ni uhaba. Anwani za IPv4 duniani kote ni kama bilioni 4.3 tu. Ghala kuu lilikauka Februari 2011, na AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalogawa anwani hizi Afrika, limekuwa likizitoa kwa mafungu madogo sana tangu Januari 2020. Mteja wa kifurushi cha kawaida hupewa kilichobaki, yaani nafasi katika anwani ya wengi.

Ukiwa nyuma ya CGNAT, kufungua poti kwenye ruta yako hakusaidii kitu. Ombi kutoka nje linaishia kwenye mashine ya kampuni, ambayo haijaagizwa imkabidhi nani, nayo inalitupa. Ruta yako hailioni kabisa. Hapo piga simu huduma kwa wateja, uulize moja kwa moja: "Mnatoa anwani ya IP ya umma kwenye kifurushi changu, na kwa mwezi ni kiasi gani?" Wengi huiuza pamoja na vifurushi vya biashara. Haihitaji kuwa ya kudumu. Inayobadilika inatosha, mradi iwe ya umma. Wakikukatalia, au ukitumia Starlink ya nyumbani ambayo huja na CGNAT, ruka hadi sehemu ya seva ya kukodi. Vipande vya ndani ya nyumba vinakuhusu bado.

Kwa ruta mbili zilizofuatana, dawa ziko tatu. Iliyo safi ni kuomba kifaa cha kampuni kiwekwe "bridge", ili ruta yako ipokee anwani ya umma yenyewe; kama huduma ni ya PPPoE (ruta huingia mtandaoni kwa jina na nywila), hakikisha umeshapewa jina la mtumiaji na nywila kabla hawajabadilisha, la sivyo utabaki bila intaneti hadi wapokee simu. Ya pili ni kuigeuza ruta yako iwe sehemu ya kusambaza Wi-Fi tu, kisha kazi zote za poti zifanyike kwenye kifaa cha kampuni. Ya tatu ni kuingiza anwani ya ruta yako kwenye sehemu ya "DMZ" (kinakopelekwa kila ombi la nje lisilo na mwenyewe) ya kile kifaa cha mbele. Inafanya kazi, japo wasasishaji wa kampuni wana tabia ya kurudisha mipangilio ya kiwandani bila kukuambia.

Panga nyumba kabla ya kufungua mlango

Badilisha safu ya anwani za ndani. Ruta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.1.x au 192.168.0.x, na hoteli, ofisi na nyumba za ndugu zako zinatumia hizohizo. Siku utakapounganisha VPN ukiwa kwa shangazi, simu itashindwa kujua 192.168.1.50 ni ya kwako au ya kwake, na kwa kawaida itachagua ya kwake. Weka namba isiyo na wenyewe wengi, mfano 192.168.37.1 kwa ruta. Fanya hivi mapema. Ukishasajili vifaa kumi ni adhabu.

Kisha kipe kila kifaa kinachotoa huduma anwani isiyohama. Njia bora ni kuifanya kwenye ruta, sehemu ya DHCP (inayogawa anwani za ndani): unachagua kifaa kwa namba yake ya MAC (kitambulisho chake cha kiwandani) na kukihifadhia anwani. Katika mwongozo huu Raspberry Pi itakuwa 192.168.37.50 na rekoda ya kamera 192.168.37.60. Unganisha Pi kwa waya ukiweza. Kumbuka kifaa kina MAC moja ya waya na nyingine ya Wi-Fi, kwa hiyo uhifadhi wa moja haufuati nyingine.

Ukiamua kuandika anwani ndani ya kifaa chenyewe, jaza na "gateway", ambayo ni 192.168.37.1. Rekoda za kamera husumbua sana hapa. Fundi huandika anwani, anaacha "gateway" ya kiwandani, na ndani ya nyumba picha zinaonekana vizuri kwa sababu jirani haihitaji njia ya kutokea. Ombi la kutoka nje nalo linaifikia rekoda bila shida, ila jibu halijui pa kupitia. Mwenye nyumba anailaumu ruta wiki nzima.

Hakikisha huduma inajibu kwa anwani hiyo kutoka kwenye kifaa kingine cha ndani. Isipojibu ndani, haitajibu nje.

Kanuni ya poti

Ruta haziafikiani kwenye majina. Sehemu hii inaweza kuwa chini ya "Port Forwarding", "Virtual Server", "NAT" au "Port Mapping". Ndani yake utakuta visanduku vinavyofanana: jina (lolote), itifaki (TCP, UDP au zote mbili), poti ya nje, anwani ya ndani, poti ya ndani. Maana yake ni kwamba pakiti (kipande cha data) yoyote itakayofika kwenye anwani ya umma kwa poti fulani, ruta imkabidhi fulani ndani.

Ruta nyingine zina kisanduku cha ziada cha poti ya chanzo. Kiache wazi. Simu inayopiga kutoka nje hujichagulia poti ya chanzo kwa bahati nasibu, na ukiandika namba pale umeifungia. Anwani ya chanzo pia iache wazi, isipokuwa unayemruhusu ana anwani ya kudumu, mfano ofisi yako. Hapo kuijaza ni ulinzi mzuri.

Sasa, poti ipi? Ushauri wetu ni poti moja tu, UDP 51820, kwenda 192.168.37.50, kwa ajili ya WireGuard, programu ya VPN. Kamera, mafaili, ukurasa wa ruta na vingine vyote utavifikia kupitia humo, kana kwamba umekaa sebuleni.

Hii si woga wa bure. Anwani zote za IPv4 zinapekuliwa na mashine usiku na mchana. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilikusanya laki kadhaa za kamera, rekoda na ruta kwa kujaribu orodha fupi tu ya majina na nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo lilitumika kuiangusha Dyn, kampuni ya majina ya kikoa, hivi kwamba tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifunguki. Kamera zile zilikuwa wazi kwa sababu wenyewe walitaka kuziona wakiwa kazini.

Kwa hiyo usifungue kwa dunia poti 8000 au 37777 za rekoda, 554 ya video, 3389 ya skrini ya Windows, 445 ya mafaili ya Windows, 23 ya Telnet, wala ukurasa wa ruta yenyewe. SSH (kuendesha kompyuta kwa amri ukiwa mbali) kwa nywila nayo isifunguliwe. Kubadili poti ya nje, tuseme 22 kuwa 22022, kunapunguza kelele kwenye kumbukumbu za seva, ila anayetafuta ataipata. Ukiwa bado kwenye menyu, zima UPnP: inaruhusu kifaa chochote cha ndani, hata taa ya bei rahisi, kujifungulia poti bila kukuuliza.

Jina lisilohama

Anwani ya umma inayobadilika inahitaji jina linaloifuata. DuckDNS ni ya bure na nyepesi. Ukijisajili unapata jina kama jinalako.duckdns.org na tokeni (msimbo wa siri wa kulisasisha). Kwenye Pi, fungua `crontab -e` uongeze mstari huu:

```
*/5 * * * * curl -s "https://www.duckdns.org/update?domains=jinalako&token=TOKENI&ip=" > /tmp/duck.log
```

Kila dakika 5 Pi inajitambulisha, na DuckDNS inasoma ombi limetoka anwani gani. Jibu likiwa OK, tayari. Likiwa KO, jina au tokeni imekosewa. Ruta nyingi zina kipengele chao cha kazi hii, ila baadhi hutuma anwani ya WAN kama zinavyoiona zenyewe. Penye ruta mbili zilizofuatana hutangaza 192.168 kwa dunia nzima, jambo lisilo na faida kwa yeyote.

WireGuard

Kwenye Pi:

```
sudo apt install wireguard iptables
wg genkey | tee seva.key | wg pubkey > seva.pub
wg genkey | tee simu.key | wg pubkey > simu.pub
```

Andika faili `/etc/wireguard/wg0.conf`:

```
[Interface]
Address = 10.8.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = (yaliyomo kwenye seva.key)
PostUp = iptables -t nat -A POSTROUTING -o eth0 -j MASQUERADE
PostDown = iptables -t nat -D POSTROUTING -o eth0 -j MASQUERADE

[Peer]
PublicKey = (yaliyomo kwenye simu.pub)
AllowedIPs = 10.8.0.2/32
```

Mistari miwili ya iptables ndiyo inayokuwezesha kufika kwenye rekoda, si Pi peke yake: inaifanya rekoda ione ombi limetoka kwa Pi, kwa hiyo inajua pa kurudisha. Kama Pi iko kwenye Wi-Fi, badala ya eth0 andika wlan0. Pia lazima Pi iruhusiwe kupitisha pakiti za wengine: weka `net.ipv4.ip_forward=1` kwenye faili `/etc/sysctl.d/99-wg.conf`, kisha `sudo sysctl --system`. Ukisahau hili, Pi itapatikana na vingine vyote vitakuwa kimya.

Washa kwa `sudo systemctl enable --now wg-quick@wg0`.

Kwenye simu, ndani ya programu ya WireGuard:

```
[Interface]
Address = 10.8.0.2/32
PrivateKey = (yaliyomo kwenye simu.key)

[Peer]
PublicKey = (yaliyomo kwenye seva.pub)
Endpoint = jinalako.duckdns.org:51820
AllowedIPs = 192.168.37.0/24, 10.8.0.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

AllowedIPs ya namna hii inapitisha trafiki ya nyumbani tu. YouTube na WhatsApp zinaendelea na njia yao, na bando la nyumbani halibebeshwi mzigo. Kila simu au kompyuta iwe na jozi yake ya funguo na namba yake, 10.8.0.3, 10.8.0.4. Vifaa viwili vikishiriki ufunguo mmoja vitanyang'anyana muunganisho. Na simu ikiibiwa, unafuta [Peer] moja tu na wengine hawasumbuki. Mafaili ya funguo yakishahamishwa, yafute kwenye Pi.

Kujaribu, na yanayogoma

Zima Wi-Fi ya simu, tumia data ya laini. Kujaribu jina la umma ukiwa ndani ya nyumba hudanganya: ruta nyingi haziwezi kugeuza ombi lililotoka ndani kwenda kwenye anwani yake ya nje na kulirudisha ndani. Nje inakubali, ndani inakataa, na hakuna kilichoharibika.

Tovuti za kupima poti usiziamini hapa. Nyingi hupima TCP, na hii ni UDP. Isitoshe WireGuard haimjibu mtu asiye na ufunguo sahihi, kwa hiyo ukipimwa kwa macho ya mgeni poti inaonekana kama haipo. Hiyo ni sifa yake. Kipimo cha kweli ni `sudo wg show` kwenye Pi. Ukiona "latest handshake" (handisheki, yaani salamu ya mwisho kati ya vifaa) ya sekunde chache zilizopita, muunganisho upo.

Usipoiona, uliza kama pakiti zinafika:

```
sudo tcpdump -ni eth0 udp port 51820
```

Washa WireGuard kwenye simu ukiitazama skrini. Kusipotokea chochote, tatizo liko kabla ya Pi: kanuni ya ruta, itifaki iliyowekwa TCP badala ya UDP, jina linaloonyesha anwani ya jana, au CGNAT uliyodhani huna. Pakiti zikifika lakini Pi haijibu, kosa liko kwenye funguo. Mara nyingi ufunguo wa umma umewekwa mahali pa ule wa siri, au faiawoli ya Pi imefunga (`sudo ufw allow 51820/udp`).

Handisheki ipo, kurasa ndogo zinafunguka, lakini video au picha kubwa zinakwama? Hiyo ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti moja. WireGuard hutumia 1420 kwa kawaida. Kwenye baadhi ya mitandao ya simu pakiti za ukubwa huo hazipiti. Ongeza `MTU = 1280` kwenye [Interface] ya simu. Video ikikatikakatika bila kukwama kabisa, angalia kasi ya kupakia ya nyumbani, maana ndiyo inayotumika ukitazama kutoka nje. Kamera moja ya 4 Mbps ikikutana na laini inayopakia 2 Mbps haina ujanja. Chagua mkondo mdogo kwenye rekoda.

Kuna moja linalochanganya hata wazoefu. WireGuard husoma jina la kikoa mara moja tu, inapowashwa. Anwani ya nyumbani ikibadilika usiku, simu inaendelea kubisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Izime na kuiwasha.

Anayetaka tovuti ya watu wote

Kama lengo ni ukurasa ambao wateja au wanafunzi watafungua bila kufunga programu yoyote, WireGuard peke yake haitoshi. Fungua TCP 80 na 443 kwenda Pi, na mbele ya huduma weka Caddy, programu ya seva ya tovuti, yenye faili la mistari michache:

```
jinalako.duckdns.org {
    reverse_proxy localhost:8080
}
```

Caddy inaomba cheti cha HTTPS na kukihuisha yenyewe. Poti 80 inaweza kutumika kwa uhakiki, kwa hiyo usiifunge ukishaona kufuli kwenye kivinjari. Kama ukurasa wa ruta unatokea badala ya tovuti yako, usimamizi wa mbali wa ruta umeshika poti ileile: uzime. Kampuni nyingine hufunga 80 na 443 zinazoingia kwa wateja wa nyumbani. Hapo, au ukiwa nyuma ya CGNAT, unahitaji msaada wa nje.

Seva ya kukodi, kwa walio nyuma ya CGNAT

CGNAT inazuia yanayoingia, yanayotoka inayapitisha. Kodi seva ndogo mtandaoni yenye anwani ya umma. Kumbukumbu ya MB 512 inatosha. Ifanye iwe ile "seva" ya WireGuard yenye 10.8.0.1, nayo Pi iwe mteja: Endpoint yake ni anwani ya seva, AllowedIPs yake ni 10.8.0.0/24, na PersistentKeepalive ni 25. Hapa ile 25 si mapambo: kila sekunde 25 Pi inatuma pakiti ndogo ili mashine ya kampuni isisahau njia ya kurudi. Mistari ya MASQUERADE inabaki kwenye Pi, ip_forward iwashwe kwenye zote mbili, na kwenye seva AllowedIPs ya Pi iwe 10.8.0.2/32 pamoja na 192.168.37.0/24. Simu sasa ni 10.8.0.3, na Endpoint yake pia ni seva. Tovuti ya wote? Elekeza jina kwenye anwani ya seva ya kukodi, usanikishe Caddy huko, na reverse_proxy iende 10.8.0.2:8080. Ruta ya nyumbani haiguswi.

Kabla ya kulipa, pima umbali kwa `ping`. Seva ikiwa Frankfurt na wewe uko Mwanza unaangalia kamera ya Dar, kila picha inakwenda Ulaya na kurudi. Kwa mafaili utavumilia. Kamera ya kuzungusha kwa kidole itakukera.

Tailscale hufanya kazi inayofanana bila seva yako, na Cloudflare Tunnel hutosha kwa tovuti, ila kwa hiyo ya pili trafiki hufunguliwa kwenye mashine zao kabla ya kukufikia. Ukitumia Tailscale usishtuke kuona kifaa chako na 100.x: huazima safu ileile ya CGNAT kwa mtandao wake wa ndani.

Umeme ukikatika

Ruta na kifaa cha faiba nyingi hutumia volti 12. Soma kibandiko cha adapta, jumlisha ampea, ununue UPS ndogo ya DC inayozidi hapo kidogo. Pi nayo inataka volti 5 zake, kwa hiyo tafuta yenye matundu yote mawili.

Umeme ukirudi, Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 hazina saa inayotembea zikiwa zimezimwa. Inaamka ikidhani ni saa ile ilipozimika, na kama yenyewe ndiyo inayopiga kwenye seva ya kukodi, seva inaweza kuikataa, kwa sababu WireGuard haikubali salamu yenye muda wa nyuma kuliko ya mwisho. Ikishasawazisha saa kwa intaneti inakubaliwa. Kinachoharibu zaidi ni ruta kuchelewa kuwaka kuliko Pi: wg-quick inajaribu kusoma jina la seva, haipati, na inaweza kukata tamaa isirudie. Kwenye Endpoint ya Pi andika namba ya IP ya seva badala ya jina, na itaunganika yenyewe intaneti itakaporudi, hata kama hakuna mtu nyumbani wa kubonyeza kitu.